Kumkunja Aliye Hai

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, tumefundishwa shuleni, na wengi wetu tumeitumia kwa watoto wetu bila kuitafakari sana. Maana yake haina utata. Samaki aliyetoka majini hukunjika kwa urahisi. Akishakaushwa kwa moshi, ukijaribu kumkunja atavunjika vipande. Ndivyo alivyo binadamu. Anayetaka kumfunza mtoto tabia, kazi au ufundi na aanze mapema, maana mtu mzima ni mgumu kubadilika.

Sina nia ya kuipinga methali hii. Imelea watu wengi, nami ni mmoja wao. Lakini liko jambo moja ambalo haikuligusa. Samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Hana maumivu, hana matakwa, wala hatakuja siku moja kumwuliza mkunjaji kwa nini alimkunja hivi na si vile. Mtoto yu hai. Kwa hiyo swali linabaki: je, mzazi anayo haki ya kumkunja mtoto kwa jambo ambalo mtoto mwenyewe bado hajaweza kulielewa? Na kama haki hiyo anayo, mpaka wake ni upi?

Nitalizungumza swali hili kwa mfano ambao yamkini utamshangaza msomaji wa huku mlimani, yaani mafunzo ya dansi ya bale kwa mtoto mdogo. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni sanaa chache zinazomkunja mtoto waziwazi kama hii. Pili, swali lenyewe liliingia ndani ya ukoo wetu, nasi tulilazimika kulijibu.

Bale ni dansi ya jukwaani iliyozaliwa katika kasri za Italia na kukomaa Ufaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis wa 14 alianzisha mjini Paris chuo cha kifalme cha dansi, na hadi leo maneno ya ufundi huu ni ya Kifaransa, awe mwalimu ni Mrusi, Mjapani au Mkenya. Mwanafunzi mpya haanzi kwa kuruka wala kuzunguka. Husimamishwa kando ya upau wa mbao uliowekwa ukutani kwa ajili ya kushikilia, akafundishwa namna tano za kuweka miguu, vidole vikielekea nje. Kisha hufundishwa kukunja magoti taratibu, mgongo ukiwa wima, na kuyanyosha tena. Mwendo huo huitwa plie, na katika Kifaransa neno hilo lina maana ya kukunjwa. Basi tazama, msomaji: somo la mwanzo la bale ni methali yetu yenyewe. Mtoto huja angali mbichi, naye hukunjwa.

Tena hukunjwa kwa muda mrefu. Plie ya siku ya kwanza ndiyo ile ile anayoifanya mchezaji mkomavu kila anapoanza mazoezi. Mtoto wa miaka sita au saba, ambaye umri wake ni wa kukimbia na kupiga kelele, anatakiwa asimame mahali pamoja, anyamaze, arudie jambo dogo mara kumi na kusahihishwa mara kumi. Matunda yake hayaonekani mwaka huu wala mwaka ujao.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya tu. Nairobi, ambako sisi wa Moshi huenda na kurudi kwa basi, bale imefundishwa hata katika vitongoji vya watu maskini. Michael Wamaya aliifundisha Kibera, na mwaka 2017 akawa miongoni mwa walimu kumi walioingia hatua ya mwisho ya tuzo ya mwalimu bora duniani. Joel Kioko, kijana aliyekulia Kuwinda, alipata somo lake la kwanza katika darasa la shule ya serikali. Madawati yalitolewa nje, na humo ndani hapakuwa na kioo wala upau wa kushikilia. Baadaye alikwenda London kusoma katika shule ya English National Ballet. Siwataji ili kila mzazi aamini kwamba mwanawe atafika London. Wengi walioanza hawakufika. Nawataja ili tusilikwepe swali kwa kusema kwamba bale ni anasa ya wageni. Kahawa nayo ililetwa na wageni, wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema wakiwa miongoni mwa wa kwanza kuipanda mlimani kwetu, na leo nani atathubutu kusema si yetu?

Sasa nieleze lililotokea. Mtoto wa marehemu mdogo wangu anaishi Nairobi na familia yake. Binti yake wa kwanza, ambaye kwangu ni mjukuu, alianza masomo ya bale akiwa na miaka sita. Aliyaomba mwenyewe baada ya kuwaona watoto wengine wakicheza, na baba yake akajinyima ili alipe ada. Walipokuja Marangu kwa Krismasi, kama ilivyo desturi ya Wachaga kurudi nyumbani kila Desemba, mtoto alikuwa ametimiza miaka minane. Asubuhi moja alinikuta nikikata majani ya mgomba kwa ajili ya ng'ombe. Aliniamkia, nikaitikia, akasimama kidogo, kisha akauliza: "Babu, mtu akianza kitu ni lazima akimalize?"

Nilimwambia kwamba inategemea ni kitu gani. Ndipo akanieleza. Alitaka kuacha. Nilimwuliza kama miguu humwuma, akasema si sana. Nilimwuliza kama mwalimu ni mkali, akasema hapana. Alifikiri kidogo, akasema: "Nimechoka kuangaliwa."

Jioni, watoto wakiwa wamelala, jambo hili lilizungumzwa na wakubwa. Baba yake hakukasirika, ila aliumia. Alisema, "Baba mkubwa, nikimwachia leo kwa sababu amechoka, akifika miaka kumi na minane akaniuliza kwa nini nilimkubalia, nitamjibu nini?" Mama yake mzazi, yaani bibi wa mtoto, alikuwa kimya muda wote akichambua maharage. Akajibu bila kuinua macho: "Na akikuuliza kwa nini hukumsikiliza, utamjibu nini?"

Sijapata kusikia swali hili likiwekwa vizuri zaidi ya hapo. Pande zote mbili zina haki, na yafaa tuzipime moja moja.

Tuanze na baba. Wako watu wasemao kwamba mtoto aachwe hadi awe na akili ya kujichagulia mwenyewe. Maneno haya yanapendeza masikioni, lakini yana kasoro kubwa. Mwili hausubiri. Katika bale miguu huelekezwa nje kwa kuzungusha mfupa wa paja ndani ya nyonga, na unyumbufu huo hupatikana kwa urahisi zaidi mtu angali mtoto. Anayeachwa hadi miaka kumi na minane ili achague kwa uhuru, akichagua bale atakuta mlango umekaribia kufungwa. Kwa hiyo kutomchagulia mtoto nako ni kumchagulia.

Isitoshe, watoto wote hukunjwa, ila hatuoni. Hakuna aliyeniuliza kama nilitaka kusema Kichaga nyumbani na Kiswahili shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilipowalazimu wazazi wa Tanzania kuwapeleka watoto shule ya msingi, haikumtaka mtoto wa miaka saba atie sahihi. Hata iringi, ngoma yetu ya duara, mtoto aliisikia akiwa mgongoni kwa mama yake. Alipoanza kutembea, miguu ilikuwa tayari inaijua. Twasema alijifunza mwenyewe, kumbe alikunjwa polepole na watu aliowapenda. Bale huonekana ngeni na kali kwa sababu katika nyumba zetu hakuna mama anayeijua. Hufundishwa na mtu baki, kwa saa maalumu, kwa ada. Ukali wake hauna pa kujificha.

Kwa hiyo baba anayo haki ya kuanza. Lakini je, haki ya kuanza ni haki ya kuendelea bila kikomo?

Hapa wazazi wengi hutoa ushahidi wa shukrani. Husema: mimi nililazimishwa, leo nashukuru. Nami naweza kusema hivyo. Marehemu baba aliniingiza katika kikundi cha tarumbeta cha kanisa letu la Kilutheri nikiwa na miaka kumi. Midomo ilivimba, wenzangu walicheza mpira, nami nilipuliza. Leo nikisikia tarumbeta zikipigwa mazishini, namshukuru mzee. Lakini tuupime ushahidi huu kama hakimu anavyopima. Anayeshukuru ni yule aliyekunjwa akapata umbo. Moyo unaoshukuru ndio ule ule uliotengenezwa na mkunjo. Si ajabu ukausifu. Na wale walioacha, waliochukia, ambao hata sasa wakisikia tarumbeta hugeuka upande mwingine, hao hatuwaiti kutoa ushahidi. Tulikuwa vijana tisa katika kikundi chetu. Nazijua shukrani za wawili. Shukrani ya mtu mzima, basi, haitoshi kuthibitisha kwamba mtoto alitendewa haki.

Sasa tumgeukie bibi. Plato, mwanafalsafa wa Wayunani, alifundisha zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba elimu inayoingizwa kwa nguvu haikai rohoni, na kwamba watoto wafunzwe kwa mchezo, ili pia ionekane kila mmoja amezaliwa na kipaji gani. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zikuze akili ya kudadisi, na si utii peke yake. Na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Hayo yote ni mazuri. Lakini bibi hakuwa na haja ya vitabu wala sheria. Alijua kwamba mtoto anayesema "nimechoka kuangaliwa" ametoa habari ambayo baba, pamoja na mapenzi yake yote, hakuwa nayo.

Tena tuangalie jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu bale. Sanaa hii kali ina sheria yake ya kusubiri. Watu wengi wakisikia bale huwaza msichana aliyesimama juu ya ncha za vidole. Mtoto anayeanza hutamani jambo hilo kuliko yote. Lakini mwalimu anayejua kazi yake humkatalia. Viatu vile vigumu hatampa kabla ya umri wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, na hata hapo, baada ya miaka kadhaa ya mazoezi na kuhakikisha kwamba kifundo cha mguu, nyonga na mgongo vina nguvu. Mifupa ya mguu wa mtoto bado inakua, nayo ikibebeshwa uzito wote mapema yaweza kudhurika. Vivyo hivyo katika kuelekeza miguu nje: nyonga isipofika, mwanafunzi asiulazimishe mguu kwa kupotosha goti. Goti si la kazi hiyo. Akilazimisha ataonekana kama amefaulu, na baada ya miaka michache ataumia.

Jambo hili lilinifundisha zaidi ya nilivyotarajia. Nilidhani kuna njia mbili tu, ya kumkunja mtoto na ya kumwacha. Kumbe katika ufundi wenyewe wa kukunja mna elimu ya kutokunja. Mwalimu mbaya na mwalimu mzuri wote hukunja; tofauti yao ni kwamba mwalimu mzuri anajua kiungo gani hukunjika, kwa kiasi gani, na lini mkono wake usimame.

Wakulima wa mlima huu tunalijua hilo tangu zamani, ila kwa jina jingine. Mche wa kahawa hukaa kwanza kitaluni chini ya kivuli. Huzoeshwa jua kidogo kidogo, kisha ndipo hupelekwa shambani. Wako wakulima ambao huukunja mche ungali mchanga, wakauinamisha upande na kuufunga kwenye kigingi. Ukiinama hivyo, shina huchipua machipukizi mapya yanayopanda juu wima. Mkulima huchagua machache yenye nguvu, mengine huyaondoa, halafu husubiri. Huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuchuma kahawa ya maana.

Mkunjo huu ni tofauti na ule wa samaki. Samaki hubaki na umbo alilopewa. Mche hujibu. Mkulima huinamisha shina, lakini chipukizi hulitoa mche wenyewe, kwa nguvu zake na mahali unapotaka. Mkulima hana uwezo wa kulivuta litoke. Akiona mche umeinamishwa muda mrefu wala haujachipua, hana budi kwenda kuutazama mzizi, au kuufungua kigingi. Mkulima anayekasirikia mche kwa sababu haukujibu alivyotaka tutamwona hana akili.

Kutokana na hayo naona haki ya mzazi ina mipaka mitatu. Wa kwanza ni muda. Mkunjo wenye haki una siku ya mwisho inayojulikana. "Utamaliza mwaka huu ulioanza, kisha tutakuuliza" ni maneno ya haki. "Utaendelea mpaka niseme" si ya haki, kwa maana yanamfanya mtoto awe kama samaki. Na mtoto naye hujifunza jambo kubwa kwa kutimiza muda: kwamba uchovu wa Jumamosi moja si sababu ya kuvunja ahadi.

Mpaka wa pili ni mwili na moyo wa mtoto mwenyewe. Kila mtoto ana nyonga yake. Kinachowezekana kwa wa jirani si lazima kiwezekane kwa wako, na goti lisilipe deni la nyonga. Hili ni kweli katika bale, ni kweli katika hesabu, na ni kweli katika sala.

Mpaka wa tatu naona ndio mkubwa. Mtoto anayekunjwa lazima awe na mtu anayeweza kumwambia hapana, na hapana hiyo ikasikika. Si lazima ikubaliwe papo hapo, bali isikike. Mjukuu wangu hakumwambia baba yake kwa sababu alijua baba amejinyima. Watoto huona mengi kuliko tunavyofikiri. Sadaka ya mzazi, ambayo ni jambo jema, yaweza kuwa ndiyo kamba inayomfunga mtoto mdomo. Kwa hiyo mzazi anayejinyima kwa ajili ya mwanawe ana wajibu mmoja zaidi ya mzazi mwingine: kuhakikisha kwamba mtoto hadhani anadaiwa. Ama sivyo, mzazi hajatoa zawadi, amekopesha.

Ndivyo tulivyokubaliana usiku ule, baada ya chai mbili na ukimya mrefu. Mtoto aliambiwa mbele yetu sote kwamba atamaliza muda uliokwisha kulipiwa, yaani hadi Agosti, na kwamba Agosti ataulizwa, na atakachojibu ndicho kitakachofuatwa. Baba yake alisema maneno hayo mwenyewe. Najua hayakuwa mepesi.

Agosti iliponijia habari kwa simu, jibu la mtoto halikuwa lile ambalo yeyote kati yetu alilitazamia. Aliomba siku tatu za kufikiri. Kisha akasema ataendelea kucheza, lakini hataki kufanya mitihani ya ngazi wala kuvishwa namba kifuani mbele ya wasimamizi. Akiulizwa sababu alisema kucheza anapenda, kupimwa hapendi. Baba yake alinipigia akiwa na masikitiko, maana bila mitihani hakuna cheti, na bila cheti safari ya ada ile yote inakwenda wapi? Nilimwambia kwamba mche umechipua, ila si upande alioutazamia.

Sijui kama binti yule atakuwa mchezaji au ataacha mwakani. Hilo si la muhimu sana katika hoja yangu. La muhimu ni kwamba akiwa na miaka minane na nusu amejifunza kutenganisha kitu anachokipenda na kitu kinachomchosha, akakisema wazi mbele ya watu wazima, wakamsikiliza. Sanaa chache zinaweza kumpa mtoto umbo zuri kuliko hilo. Lakini asingelipata kama asingeanza. Na asingelipata pia kama asingeulizwa.

Ndugu msomaji, wewe uliye na mtoto mikononi, usiogope kumkunja. Ulimwengu utamkunja usipomkunja wewe, tena bila mapenzi. Mwanzishe, mpe mwalimu, msimamie siku ambazo hataki. Lakini weka siku ya kumwuliza, uitaje mapema, na siku hiyo ikifika timiza ahadi yako. Usimwulize huku umeshika jibu mkononi. Mwulize kisha unyamaze, ungoje, kama tunavyongoja shambani baada ya kuinamisha mche.